Je, Wajua? Kombi Kuukuu, Injini ya Kigeni na Giaboksi Iliyo Kati Yake

Je, wajua kwamba giaboksi nzima, isiyo na ubovu wowote, inaweza kukupa gia nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele? Ndivyo itakavyokuwa ukichukua giaboksi ya Volkswagen Beetle na kuifunga, bila kuifungua, kwenye Kombi ya kabla ya Agosti 1967 yenye ekseli zake za kiwandani. Boliti zitaingia zote, klachi itashika sawasawa, injini itawaka. Tatizo utalijua siku ya kwanza utakapotia gia namba moja na kuachia klachi.

Je, wajua chanzo chake ni nini? Kombi ya kwanza ilianza kuundwa Wolfsburg, Ujerumani, tarehe 8 Machi 1950, kutokana na mchoro wa penseli ambao Ben Pon, mwagizaji wa magari kutoka Uholanzi, aliuchora kwenye daftari lake tarehe 23 Aprili 1947. Injini yake ilikuwa ya sisi 1131, yenye nguvu farasi zipatazo 25, na ilitakiwa kubeba mzigo wa kilo 750. Kwa injini ndogo namna hiyo lazima nguvu itafutwe kwingine. Wahandisi wakaazima mbinu ya Kübelwagen, gari la kijeshi la Vita vya Pili vya Dunia: kiboksi kidogo cha gia kwenye kila gurudumu la nyuma. Ndani yake mna gia mbili tu, moja inaisukuma nyingine. Ekseli inazunguka mara 1.39 ili gurudumu lizunguke mara moja, na baadaye kiwanda kikapunguza hadi 1.26. Gari linapanda juu kutoka ardhini na gurudumu linapata nguvu zaidi ya kuvuta.

Sasa, gia mbili zilizoumana meno huzunguka pande mbili tofauti. Hakuna namna ya kulikwepa hilo. Maana yake, ekseli ya Kombi ya wakati huo inazunguka kinyume cha gurudumu lake, na ndiyo maana kiwanda kiliweka kraunwili, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, upande wa pili wa pinioni, gia ndogo inayoisukuma, tofauti na ilivyo kwenye Beetle. Giaboksi hizo mbili ukizitazama kwa nje ni ndugu wa tumbo moja. Ndani zimegeuziana migongo.

Je, wajua kwamba Kombi mpya iliyotoka Agosti 1967 haikuwa na viboksi hivyo kabisa? Kwa hiyo anayefufua Kombi ya zamani na kuamua kuviondoa, ama ili gari likae chini, ama kwa sababu injini mpya haihitaji tena msaada wao, lazima afungue giaboksi na kuhamisha kraunwili. Akisahau, atapata zile zile gia nne za kurudi nyuma.

Je, wajua kwamba jambo hili lote linaweza kupimwa mezani kwa mikono miwili na dakika moja? Weka giaboksi kama itakavyokaa garini. Tia gia ya kwanza. Shika flanji ya ekseli ya upande mmoja isizunguke, kisha zungusha shafti ya klachi kuelekea upande inakozunguka injini. Ukiwa umesimama nyuma ya gari, injini ya Volkswagen ya kulala huzunguka kama mishale ya saa. Tazama flanji iliyo huru: sehemu yake ya juu inatakiwa isogee kuelekea mbele ya gari. Ikisogea kuelekea nyuma, na gari halina viboksi vya magurudumuni, basi kraunwili iko upande usio wake. Usishangae flanji ikizunguka haraka mara mbili ya ulivyotarajia. Difu ndivyo inavyofanya upande mmoja ukizuiwa. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu kushusha giaboksi iliyokwisha kufungwa ni kazi ya siku nzima, na kukisahau hakuna udhuru.

Je, wajua kwamba si mafundi wa Kombi peke yao waliokumbana na jambo hili? Mwaka 1966 Lotus ya Uingereza ilitoa gari dogo la michezo liitwalo Europa, ikitumia injini na giaboksi ya Renault 16. Kwenye Renault giaboksi ilikuwa mbele, injini nyuma yake, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta. Lotus iliigeuza mitambo yote ikatazama nyuma, ikaiweka katikati ya gari. Kraunwili ikahamishwa upande wa pili, la sivyo gari la michezo lingekuwa na kasi ya ajabu kuelekea nyuma. Porsche nayo ilipotengeneza 914, iliyotoka 1969, ilichukua giaboksi ya 911 na kufanya vivyo hivyo, maana injini ya 911 iko nyuma ya ekseli na ya 914 iko mbele yake.

Je, wajua kwamba kuna injini zinazozunguka kinyume kutoka kiwandani? Injini nyingi za magari duniani, ukizitazama upande wa mikanda, huzunguka kama mishale ya saa. Honda nyingi za kabla ya familia ya K iliyoanza 2001 huzunguka kinyume. Mashuhuri zaidi kwa watu wa Kombi ni Chevrolet Corvair, gari la Marekani la miaka ya 1960 lililokuwa na injini ya silinda sita zilizolala, ya kupozwa kwa hewa, iliyokaa nyuma. Umbo lake lilifanana mno na la Volkswagen, na nguvu zake zilikuwa nyingi zaidi kwa mbali, kwa hiyo Wamarekani wengi waliichomeka kwenye Kombi. Kila mmoja wao alilazimika kuamua: ama abadilishe kamshafti ili injini izunguke upande mwingine, ama afungue giaboksi ahamishe kraunwili.

Hapo pana jambo la kupendeza kwa anayependa mafumbo ya vyuma. Kombi ya zamani yenye viboksi vya magurudumuni, ikipewa giaboksi ya Beetle isiyoguswa, inarudi nyuma. Injini ya Corvair nayo inageuza kila kitu. Ukiviweka vyote pamoja, mageuzi mawili yanafutana na gari linakwenda mbele.

Lakini kwenda mbele peke yake hakutoshi. Meno ya pinioni yana nyuso mbili: moja ya kusukuma gari, nyingine ya kupokea mzigo unapoachia mafuta kwenye mteremko. Kraunwili ikihamishwa huku injini ikizunguka upande ule ule, pinioni inaendelea kusukuma kwa uso wake wa kawaida. Injini ikizunguka kinyume, uso wa akiba ndio unaobeba kazi yote, na gia zenye meno ya mshazari zinasukuma beringi zao upande ambao hazikutarajiwa kusukumwa. Gari litatembea, ndiyo. Ila si giaboksi ya kuitesa kwa mizigo.

Je, wajua kwa nini Subaru imependwa kuliko injini nyingine zote kwa Kombi za kizazi cha tatu, zile za pembe pembe zilizoanza 1979 na ambazo Marekani ziliitwa Vanagon? Silinda zake nne zimelala kama za Volkswagen, kwa hiyo inaingia chini ya sakafu ya nyuma bila kukata kitanda. Inazunguka upande ule ule. Giaboksi ya Volkswagen ikibaki ya Volkswagen, hakuna kuhamisha kraunwili. Kinachohitajika ni bamba la kuunganishia, flaiwili inayokubali boliti za Subaru upande mmoja na klachi ya Volkswagen upande wa pili, na karteri ya oili iliyofupishwa kwa kuwa ile ya kiwandani inaning'inia chini mno. Mabomba ya maji yanageuzwa pia, maana sasa rejeta iko upande wa pili wa gari.

Je, wajua kwamba kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuchukua hata giaboksi ya Subaru? Hapo kazi inabadilika kabisa, na mimi naiona ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika ufundi huu. Kwenye Subaru injini iko mbele ya ekseli na giaboksi iko nyuma yake. Kwenye Kombi mpangilio ni kinyume. Kwa hiyo giaboksi ikigeuzwa, tumerudi kwenye gia tano za rivasi. Na safari hii kraunwili haihamishiki hivi hivi. Difu ya Subaru ni ya aina ya haipoidi: mstari wa katikati wa pinioni haupiti kwenye mstari wa katikati wa ekseli, umepishana nao kidogo. Ukiipeleka kraunwili upande wa pili, mshazari wa meno na ule mpishano vinagombana, meno hayaumani. Dawa ni kuchongewa kraunwili na pinioni mpya zenye mshazari wa upande mwingine. Wapo wachonga gia wanaozitengeneza hasa kwa ajili ya watu wa Volkswagen, na bei yake inaweza kupita ya injini.

Zaidi ya hapo, giaboksi nyingi za Subaru huendesha magurudumu yote manne. Difu ya katikati inafungwa isifanye kazi, au inatolewa na mahali pake kuwekwa kipande cha chuma kigumu, kisha mkia wa giaboksi uliopeleka nguvu kwenye propela shafti unakatwa na kuzibwa. Faida moja inajitokeza yenyewe: fimbo ya kubadilishia gia, ambayo kwenye Subaru hutokea nyuma ya giaboksi, sasa inatazama mbele, kwa dereva.

Kuna njia nyingine ya kupata mageuzi bila kuchonga gia: kuipindua giaboksi nzima, juu ikawa chini. Magari ya kuigiza gari la mbio la GT40 yenye giaboksi za Porsche hufanywa hivyo sana. Hapo tundu la kujazia oili, kimo cha oili na tundu la kupumulia vyote vinatakiwa kufikiriwa upya, la sivyo oili inamwagika na beringi za juu zinakauka.

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi boliti nne tu ziliunganisha karibu familia nzima? Mpangilio wa boliti zinazoshika injini kwenye giaboksi ya Beetle ndio huo huo wa Kombi, wa injini kubwa zaidi ya hewa iliyokuja kwenye Kombi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wa injini ya maji iliyoingia kwenye Kombi mwishoni mwa 1982, na wa Porsche 911 za miaka hiyo. Ndiyo sababu Kombi ni rahisi kupandikizwa injini kuliko magari mengi ya rika lake. Mwenye injini ya ukoo huo anaanza kazi akiwa nusu ya njia.

Lakini nusu ya njia si mwisho wa njia. Chukua Kombi ya mapema ya miaka ya 1960 yenye umeme wa volti 6. Flaiwili yake ina meno 109. Magari ya volti 12, yaliyoanza kutoka Agosti 1966, yana flaiwili kubwa zaidi yenye meno 130. Ukitaka kufunga injini ya baadaye kwenye giaboksi ya volti 6, flaiwili inagusa ndani ya sheli ya klachi. Fundi anatia rangi au chaki kwenye sheli, anaingiza injini, anaizungusha kwa mkono, anaitoa, anasaga pale palipokwaruzwa. Anarudia. Sheli ni ya aloi ya magnesi, laini kwa chuma cha kusagia, na vumbi lake linashika moto kwa urahisi, kwa hiyo hakuna kusagia karibu na cheche wala kuacha lundo la vumbi sakafuni. Likiwaka, maji hayalizimi bali yanaliongezea moto. Stata nayo ina bushi yake ndani ya sheli, na bushi hiyo inabadilishwa ili ikubaliane na shafti ya stata mpya. Mambo mawili madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama asubuhi gari litawaka.

Je, wajua kwamba kazi ya bamba la kuunganishia si kushika tu? Watu hudhani ukipata bamba la alumini lenye matundu ya injini upande huu na ya giaboksi upande ule, umemaliza. Kazi yake ngumu ni kuweka katikati ya krankshafti kwenye mstari mmoja na katikati ya shafti ya klachi. Ncha ya shafti hiyo inaingia ndani ya beringi ndogo iliyo katikati ya mwisho wa krankshafti. Zikipishana hata kwa sehemu mbili za kumi za milimita, shafti inapindwa na kunyooshwa kila mzunguko, mara elfu kadhaa kwa dakika. Beringi ndogo inakufa kwanza. Kisha sahani ya klachi inachanika kitovuni. Kisha beringi ya mbele ya giaboksi inaanza kulia. Mwenye gari analaumu klachi, anaibadilisha, na baada ya miezi michache yuko gereji tena.

Njia ya kuthibitisha ni ile ya wakereza vyuma: geji yenye uso wa saa inafungwa kwenye flaiwili, ncha yake inagusa ukingo wa tundu ambamo giaboksi hukaa, kisha injini inazungushwa taratibu kwa mkono na mshale unasomwa. Mshale ukicheza zaidi ya robo ya milimita kwa mzunguko mzima, bamba halijakaa. Linalegezwa, linagongwa kidogo kwa nyundo ya plastiki, linapimwa tena, na likishatulia linatobolewa pini mbili za kulizuia lisihame. Pini ndizo zinazoweka mstari. Boliti kazi yake ni kubana. Bamba lisilo na pini silihesabu kuwa limekamilika, hata likichongwa kwa mashine nzuri kiasi gani.

Urefu pia una neno lake. Bamba lenye unene wa milimita 10 linaisogeza giaboksi milimita 10 mbali na injini, na ncha ya shafti inaweza isiifikie beringi yake. Bamba jembamba mno, na ncha inagota ndani na kuisukuma krankshafti mfululizo. Kipimo ni kwa kalipa, si kwa jicho.

Je, wajua kwamba kwenye Kombi za mwanzo injini haikuwa na mguu wake mwenyewe? Ilining'inia kwenye giaboksi kwa boliti zile nne, na giaboksi ndiyo iliyoshikwa kwenye fremu. Kwa injini ndogo ya hewa hilo lilitosha. Ukiweka injini nzito ya maji bila kuijengea kishikio cha nyuma, sheli ya giaboksi ndiyo inayobeba mtikisiko wa kila shimo la barabarani, na aloi ya magnesi haipendi kupindwa.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Je, wajua kwamba injini yenye nguvu zaidi inaweza kukufanya usiende haraka zaidi? Tuchukue giaboksi ya gia nne yenye gia ya juu ya 0.85 na difu ya 4.86, namba za kawaida kwa Kombi ya kizazi cha tatu, na tairi linalotembea mita 2 kwa mzunguko. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 833 kwa dakika. Zidisha kwa 0.85, kisha kwa 4.86: injini inazunguka kama mara 3440. Hata ukiweka injini ya maajabu, kwa mwendo huo itazunguka vile vile mara 3440, kwa kelele zile zile. Injini mpya ina nguvu ya kuvuta gia ndefu zaidi, lakini giaboksi haiipi nafasi. Ukibadilisha gia ya nne ikawa 0.77, mizunguko inashuka hadi kama 3120. Hapo safari ndefu inabadilika kabisa.

Kila kitu kina gharama yake. Gia ya tatu ikiwa 1.26, ukitoka nayo kwa mizunguko 4000 kuingia kwenye nne ya 0.85 injini inashuka hadi 2700 hivi; kuingia kwenye 0.77 inashuka hadi 2440 hivi. Kwenye mlima kama Kitonga, pengo hilo ndilo linaloamua kama utapanda kwa gia ya nne au utarudi ya tatu na kubaki nayo. Injini yenye nguvu ya msokoto chini inalimudu. Injini inayopenda mizunguko ya juu itakusumbua. Kwa hiyo uwiano wa gia uchaguliwe baada ya kuijua injini, na uchaguliwe kwa njia ambazo gari litapita, si kwa tamaa ya kasi ya juu.

Wenye Kombi za dizeli ndio wanaopaswa kuwa macho zaidi. Injini ile ya dizeli ya lita 1.6 ililazwa kwa pembe ya nyuzi 50 ili ienee chini ya sakafu, ilikuwa na nguvu farasi 50 tu, na giaboksi yake ilipewa gia fupi ili gari liweze kupanda. Injini ya petroli ya kisasa ikifungwa kwenye giaboksi hiyo inachoka kupiga kelele kabla gari halijafika mwendo wa lori. Na mdomo wa giaboksi ya dizeli, pamoja na stata yake, si sawa na wa injini zilizolala.

Je, wajua ni mzigo kiasi gani unaofika kwenye ekseli? Gia ya kwanza ya 3.78 ikizidishwa na difu ya 4.86 inatoa zaidi kidogo ya 18. Injini ya kiwandani ya lita 1.9 ina nguvu ya msokoto ya nyutoni mita 140 hivi, kwa hiyo magurudumuni zinafika kama 2570. Subaru ya lita 2.2 ina 185 hivi, na magurudumuni zinafika 3400. Ni ongezeko la theluthi nzima juu ya meno yale yale, beringi zile zile na boliti zile zile za kraunwili, ambazo tayari zina umri wa miaka thelathini na zaidi. Pinioni ikisukumwa na mzigo mkubwa inajaribu kuikimbia kraunwili. Beringi zake zikiwa zimelegea, meno yanagusana kwenye ncha tu, na ncha zinavunjika. Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: mwenye bajeti ya kufanya kitu kimoja mwaka huu afungue giaboksi kwanza, injini isubiri. Injini mbovu inakuacha njiani ukiwa umesimama. Difu ikipasuka na kujikaza, magurudumu ya nyuma yanafunga gari likiwa kwenye mwendo.

Je, wajua kwamba kraunwili na pinioni huzaliwa pamoja na huzikwa pamoja? Husagwa zikiwa jozi kiwandani na kuandikwa namba inayofanana. Kuchukua kraunwili ya hapa na pinioni ya pale ni kununua kelele. Hata jozi yenyewe ikihamishwa upande, lazima ipangwe upya kwa shimu: kina cha pinioni kwanza, kisha mchezo kati ya meno, ambao kwa difu za ukubwa huu huwa sehemu moja na nusu hadi mbili na nusu za kumi za milimita. Meno machache yanapakwa rangi ya kupimia, gia zinazungushwa huku zikizuiwa kidogo kwa mkono, na alama inayobaki inasomwa. Doa likikaa katikati ya jino, mpangilio ni mzuri. Likikimbilia kwenye ncha au kwenye shina, shimu zinabadilishwa na kazi inaanza tena. Fundi anayekuambia amehamisha kraunwili bila kupaka rangi amekuachia wewe kazi ya kupima, na utaipima barabarani.

Je, wajua kwamba viwanda vyenyewe viliwahi kubadilisha injini za Kombi kuukuu? Afrika Kusini, kiwanda cha Uitenhage kiliendelea kuunda kizazi cha tatu hadi 2002, miaka kumi baada ya Ulaya kuacha, na kilikipa injini za Audi za silinda tano zilizopangwa mstari mmoja. Brazili nayo iliendelea na kizazi cha pili. Mwishoni mwa 2005 injini ya hewa ilishindwa na sheria za moshi, ikaingia ya maji ya lita 1.4, na rejeta nyeusi ikatokea usoni mwa gari. Kombi hiyo ilikwenda hadi mwisho wa 2013, wakati sheria ya mifuko ya hewa na breki za kuzuia kufunga ilipoifungia njia. Porsche nayo katika miaka ya 1980 iliunda Kombi chache zilizoitwa B32, zenye injini ya 911 Carrera ya lita 3.2 na nguvu farasi 231, na haikuthubutu kuiachia giaboksi ya Kombi: iliweka ya 911, ya gia tano. Wahandisi wenye kiwanda kizima nyuma yao walianza na giaboksi.

Je, wajua kwamba haisi zetu zina shida nyingine kabisa? Injini iko mbele, chini ya viti, na difu iko kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo ukibadilisha giaboksi gari halirudi nyuma. Kinachobadilika ni urefu. Giaboksi ikizidi kwa sentimita nane, propela shafti inakatwa sentimita nane, inachomelewa na kusawazishwa kwa mashine. Isiposawazishwa, mtikisiko unaanza kwenye mwendo wa barabara kuu na unaharibu sili ya nyuma ya giaboksi. Pembe za maungio ya mbele na ya nyuma ya propela nazo zilingane, kwa hiyo giaboksi haiinuliwi wala haishushwi kiholela ili tu vishikio vikutane.

Na spidomita? Kwenye haisi za kamba, kamba hutoka mkiani mwa giaboksi, kwa hiyo giaboksi mpya inaweza kukudanganya mwendo. Kwenye Kombi kamba hutoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Badilisha giaboksi utakavyo, spidomita itasema kweli mradi tairi ni za ukubwa ule ule.

Je, wajua kwamba kadi ya gari ya Tanzania, kama ilivyo logibuku ya Kenya, ina namba ya injini? Injini mpya bila kadi mpya ni matatizo ya bima, ya askari na ya siku ya kuuza. Nyaraka za injini ziombwe siku ya kuinunua, si baada ya kufungwa.

Je, wajua kwamba oili yenye namba kubwa zaidi si lazima iwe bora? Giaboksi hizi za Volkswagen zilielekezwa daraja la GL-4. Ile ya GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kulinda difu, lakini baadhi ya aina zake hula shaba ya pete za sinkronaiza, na gia zinaanza kukwama zikibadilishwa.

Na oili ya kwanza baada ya giaboksi kufungwa upya isikae muda mrefu. Baada ya kilomita mia chache za mwanzo imwagwe ikiwa moto, kwenye beseni safi, na nati ya chini yenye sumaku itazamwe kwenye mwanga wa jua. Ute laini wa kijivu ni kawaida. Ni meno yanazoeana. Chembe za njano zinazometa kwenye oili yenyewe, zisizoshikwa na sumaku, ni shaba ya sinkronaiza. Vipande vya chuma vinavyoweza kushikika kwa kucha ni jino au beringi, na gari hilo lisitoke gereji siku hiyo.